Majaribio ya udereva kwenye gemu: kwa nini unaanguka, na kwa nini si kosa la vidole vyako

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi imenibana (kuna mteja ambaye wiki hii anataka kitufe kihamishwe kutoka kushoto kwenda kulia, wiki ijayo anataka kirudishwe kilipokuwa, na wiki ya tatu anauliza kwa nini kazi inachelewa). Leo nimeona niandike juu ya jambo linaloonekana la mchezo mchezo. Mkinivumilia mtaona kwamba si la mchezo sana.

Mpwa wangu wa miaka 19 amekuja kukaa nami hapa Embu akisubiri siku ya mtihani wa udereva. Asubuhi anaenda shule ya udereva mjini, jioni anakalia kipakatalishi changu cha zamani akicheza Grand Theft Auto: San Andreas. Gemu hilo lilitoka mwaka 2004, yaani ni kubwa kuliko yeye kwa umri na kwa haki lingepaswa kuamkiwa shikamoo. Wanaolijua wanakumbuka ile shule ya udereva ya San Fierro yenye majaribio 12. Ili upite kila moja unahitaji angalau alama 70, hiyo ni shaba. Ukifika 85 ni fedha, na 100 ni dhahabu. Ukipata shaba zote unapewa gari la Super GT, fedha zote unapewa Bullet, na dhahabu zote unapewa Hotknife.

Kijana amekwama kwenye la 12, City Slicking, ambapo unatakiwa kuvuka mji kwa kasi na kurudi bila kulikwaruza gari. Nikaketi nyuma yake na kikombe cha chai, sikusema kitu. Anaanza, anagonga, anabonyeza kurudia. Anaanza, anagonga, anarudia. Chai ilipoisha alikuwa amerudia mara 14, na kati ya hizo mara tisa aligonga kwenye kona ile ile.

"Anko, hii kitu haiwezekani," akaniambia. "Na keyboard yako ni mbovu."

Hilo la kwanza si kweli. Hilo la pili, kumbe lilikuwa na ukweli ndani yake, na tutalifikia sasa hivi. Lakini kwanza niseme msimamo wangu wazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: majaribio haya magumu hayapimi wepesi wa vidole. Yanapima kama unaweza kutazama kosa lako bila kukasirika. Watu wengi wanaoanguka wanayacheza kama bahati nasibu, wakiamini kwamba wakirudia mara nyingi vya kutosha, ipo siku itaingia. Mimi huwaona waandishi wa programu wachanga wakifanya vivyo hivyo. Msimbo umekataa, nao wanabonyeza kitufe cha kuendesha tena, bila kubadilisha hata herufi moja, wakitumaini kwamba mashine itawahurumia.

Haya, turudi kwa kibodi.

Kibodi nyingi za bei nafuu, na karibu zote za vipakatalishi vya kawaida, hazina waya wa pekee kwa kila kitufe. Vitufe vimepangwa kwenye gridi ya safu za kulala na safu za kusimama, na kidubwasha kilicho ndani kinauliza kila mara: ni safu gani imegusana na ipi? Ukibonyeza kitufe kimoja au viwili hakuna shida. Ukibonyeza vitatu ambavyo vimeshiriki safu kwa namna fulani mbaya, kibodi inashindwa kujua cha tatu ni kipi hasa, basi inaamua kukinyamazia kabisa. Mpwa wangu alikuwa akiendesha kwa mishale: mshale wa juu wa mafuta, wa kushoto wa kukata kona, halafu kitufe kirefu cha nafasi kwa breki ya mkono. Vitatu kwa pamoja. Breki ya mkono haikuwa inafika kwenye gemu kabisa! Kijana alikuwa akijilaumu kwa kuchelewa kumbe hajachelewa, alikuwa hasikiki.

Unaweza kulijaribu hili mwenyewe bila gemu. Fungua programu yoyote ya kuandikia maneno, shikilia mshale wa juu na wa kushoto pamoja, kisha bonyeza kitufe cha nafasi. Kama kidoti cha kuandikia hakiachi nafasi, umepata jibu lako. Dawa ni kuhamia kwenye W, A, S na D, ambavyo kwenye kibodi nyingi vinaelewana vizuri na kitufe cha nafasi, au kununua pedi. Kabla ya kuendelea na ushauri mwingine wowote, hakikisha kwamba unachobonyeza ndicho gemu linachosikia. Ni jambo dogo, na nimeona watu wakipoteza miezi.

Kuna la pili kwenye upande wa mashine. Ndani ya mipangilio ya San Andreas ya kompyuta kuna kikomo cha fremu. Watu wengi wakipata kompyuta yenye nguvu wanakizima ili picha iwe laini. Usikizime! Gemu hili linatoka enzi ambazo waandishi wa programu wengi walifunga hesabu za mwendo kwenye fremu zenyewe. Fikiria umeandika maagizo yanayosema "kila fremu, punguza kasi kidogo". Kwa fremu 25 kwa sekunde, gari linapunguziwa kasi mara 25. Kwa fremu 100, linapunguziwa mara 100, isipokuwa mwandishi awe amekumbuka kugawanya kwa muda uliopita kati ya fremu moja na nyingine. Akikumbuka mahali 90 na kusahau mahali 10, unapata gemu ambalo kuogelea kunakuwa kwa kujikokota na magari hayafungi breki kama yalivyokusudiwa. Majaribio ya ile shule yalipimwa na watu waliokuwa na kikomo kimewashwa. Ukikizima unafanya mtihani wa mtu mwingine. (Mimi pia nimewahi kuandika kosa la namna hii kwenye programu ya kazi, ila yangu ilikuwa ya kuhesabu riba. Tuyaache hayo.)

Na kwa wale mnaocheza kwenye vibanda vya PlayStation, ambako pedi ni nzima na hakuna kibodi ya kulaumu: angalieni runinga. Runinga bapa za sasa nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, ili ionekane inang'aa. Uchakataji huo unachukua muda. Tuseme ni milisekunde 100, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linasafiri karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo unachokiona kiko nyuma ya ukweli kwa karibu mita 3. Katika jaribio ambalo kusimama nje ya koni kunakunyima dhahabu, mita 3 ni ulimwengu mzima. Runinga nyingi zina mpangilio wa gemu unaopunguza uchakataji huo. Mwombe mwenye kibanda auwashe. Akikataa, mwambie wateja wake watashinda haraka zaidi na kumwachia mwingine nafasi, hapo atakuelewa.

Sasa tuje kwenye kichwa cha mchezaji.

Jaribio la udereva kwenye gemu ni programu ndogo. Ina hali ya mwanzo, ina masharti, ina hesabu ya alama. Hakuna mwalimu anayekuchukia aliyejificha humo ndani. Swali la kwanza kujiuliza ni: programu hii inanipima nini? San Andreas inakuambia waziwazi baada ya kila jaribio, lakini nani husoma? Kwenye mengi ya yale ya uwanjani inaangalia umesimama wapi, gari limeelekea wapi, na umeliharibu kiasi gani. Mpwa wangu alipokuwa akifanya The 180 alikuwa akihangaika kuwa mwepesi, kumbe alama alizokuwa akipoteza zilikuwa za mwelekeo. Gari lilikuwa linasimama likiwa limepinda kidogo. Hakuhitaji kuongeza kasi, alihitaji kuachia breki ya mkono mapema kidogo na kunyoosha usukani kabla ya kusimama. Majaribio matatu, dhahabu. Alinitazama kama mganga.

City Slicking ni mtego wa aina nyingine. Inapima muda na uharibifu kwa pamoja, na barabarani kuna magari mengine yanayotokea kwa bahati tu. Hii ina maana huwezi kukariri njia kama mashairi. Kijana alikuwa akiendesha kwa nguvu zake zote, asilimia 100, kwa hiyo lori likitokea hana akiba ya kulikwepa. Nikamwambia aendeshe asilimia 85, achague barabara pana hata kama ni ndefu kidogo, na asikate kona yoyote ambayo haoni mwisho wake. Akaniambia muda hautatosha. Nikamwambia ajaribu mara moja tu akitazama saa ya gemu badala ya kuniamini. Muda ulitosha. Mara nyingi huwa unatosha; kinachokula muda ni kurudi nyuma baada ya kugonga.

Kitu kingine kizuri kuhusu San Andreas ya kompyuta, na hapa naongea kama mwandishi wa programu, ni kwamba siri zake hazijafichwa. Ndani ya folda ya data kuna faili la maandishi linaloitwa handling.cfg. Lifungue kwa kihariri chochote. Utaona kila gari na mstari wake wa tarakimu: uzito, mshiko wa tairi, nguvu ya breki, breki inagawanywa vipi kati ya mbele na nyuma, magurudumu yepi yanasukuma, usukani unapinda nyuzi ngapi. Sisemi ulibadilishe (ukilibadilisha umejidanganya). Nasema ulisome. Utajua kwa nini gari moja linageuza mkia ukigusa breki ya mkono na lingine linakwenda moja kwa moja kama gari moshi. Kwangu mimi, kusoma faili lile miaka ile kwenye sayba moja ya hapa mjini, kwa shilingi moja kwa dakika, ndiko kulikonifanya niwe mwandishi wa programu. Nilikuwa na dakika 30. Vijana wengine walizitumia kufyatua risasi, mimi nilizitumia kunakili tarakimu kwenye daftari. Mwenye sayba alidhani nafanya udukuzi.

Tarakimu muhimu kuliko zote ni mshiko wa tairi, na hapa kuna kanuni moja inayofanya kazi kwenye gemu lolote lililoandikwa kwa uangalifu. Tairi lina bajeti. Bajeti hiyo unaweza kuitumia kuongeza mwendo, kuupunguza, au kugeuka, lakini haiongezeki. Ukifunga breki kwa nguvu zote, umemaliza bajeti, na ukigeuza usukani wakati huo gari halikusikii, linaendelea mbele tu. Kwa hiyo: breki unazimaliza barabara ikiwa bado imenyooka, unaachia, unageuka, na mafuta unayarudisha ukianza kuona mwisho wa kona. Ukiingia polepole utatoka haraka. Hii yote unaweza kuielewa kwa dakika mbili na bado ikakuchukua mwaka kuikubali, kwa sababu kuingia polepole kunauma moyo.

Waliocheza Gran Turismo wanajua ninachosema. Gran Turismo 4, iliyotoka Japani Desemba 2004 na kwingineko mwaka uliofuata, ina leseni tano, B, A, IB, IA na S, na kila moja ina majaribio 16. Hayo ni 80, na bila leseni mashindano mengi hayakuruhusu kuingia. Kuna kona moja tu, gari moja, na saa. Tairi zikitoka barabarani, umeanguka. Ukigusa ukuta, umeanguka. Watu wengi waliichukia ile sehemu. Mimi naiona ndiyo sehemu bora ya gemu lote, kwa sababu imekutolea kila kelele na kukuachia tatizo moja. Ndivyo tunavyotafuta makosa kwenye programu: unaondoa kila kitu hadi kinabaki kipande kidogo kabisa ambacho bado kinakataa, halafu unakitazama.

Ushauri wangu kwa leseni za Gran Turismo ni mfupi. Tazama onyesho la mfano kabla ya kuendesha, na usitazame gari lote, tazama taa za breki tu. Zinawaka likiwa limefika wapi? Kuna kibao? Kuna alama ya rangi barabarani? Kuna mti? Shika alama hiyo. Kisha kwenye majaribio yako matano ya mwanzo badilisha kitu kimoja peke yake, pale unapofungia breki, na kingine chote kiache kilivyo. Ukibadilisha breki, njia na gia kwa pamoja na ukapata muda mzuri, hutajua ni kipi kilichokusaidia, na kesho hutaweza kurudia. Na ukianguka mara tatu mfululizo mahali pamoja, weka pedi chini. Si ushauri wa kiroho huu. Mikono imeshaanza kukariri kosa.

Ipo hoja ya upande wa pili na sitaikwepa. Kuna wanaosema, ya nini mateso yote haya? Pakua faili la kuhifadhia la mtu aliyekwisha kumaliza kila kitu, weka, cheza. Gemu ni la kujifurahisha. Sina ugomvi na mtu anayefanya hivyo baada ya kazi ya siku nzima, na hata waliotengeneza Gran Turismo 4 walikuruhusu kuhamisha leseni za B na A kutoka gemu la tatu ili usizirudie. Tena kuna majaribio ambayo yaliwekwa vibaya tu. Gemu la Driver la mwaka 1999 lilikupeleka kwenye gereji ya kuegesha magari kabla hujafanya chochote, likakupa sekunde 60 kuonyesha mbinu tisa ambazo hakuna aliyekufundisha. Watu walinunua gemu na hawakuwahi kuuona mji. Huo ni ubunifu mbaya na atakayeruka namsamehe. Lakini San Andreas na Gran Turismo zinakuonyesha kwanza, halafu zinakupima. Ukiruka pale umeruka mafunzo yenyewe. Mwaka 2008 Sony na Nissan walianzisha GT Academy, wakachukua wachezaji wa Gran Turismo na kuwaweka kwenye magari halisi ya mashindano. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alishika nafasi ya pili katika daraja lake kwenye Le Mans ya 2011. Jamaa huyo hakupakua faili la mtu.

Kwa wapenzi wa rali, mna bahati kwamba nyumbani kwetu kumewekwa kwenye gemu zaidi ya mara moja. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilikuwa na hatua za Kenya, na EA Sports WRC ya Novemba 2023 ina Safari Rally ya Naivasha, ambayo kwenye uhalisia ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Huko ushauri unageuka kidogo. Watu wanaingia kwenye mawe na vumbi la Kenya na mwendo waliojifunza kwenye lami, wanapasua tairi hatua ya kwanza, halafu wanasema gemu linaonea. Wazee wetu walilijua hili. Safari ya 1963 na ile ya 1968, magari saba tu yalimaliza kila mwaka, na mshindi wa zote mbili alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff kwenye Peugeot 404, ambalo tuseme ukweli ni gari la mwalimu mkuu. Kwenye hatua ngumu, weka lengo la kwanza kuwa kumaliza na gari zima. Muda utafute mara ya pili.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya niandike haya leo badala ya kumalizia kazi ya yule mteja.

Jioni moja baada ya kupata dhahabu tatu mfululizo, mpwa wangu alisema, "Anko, mimi saa hii naweza peleka pick-up ya miraa." Kwa wasiotoka huku: hizi ni Hilux zinazobeba miraa kutoka Maua kupitia Meru, Chuka na Embu kwenda Nairobi, na zinashindana na saa kwa sababu miraa ikikauka haina bei. Zinapita hapa mjini kama risasi. Kila kijana wa huku amewahi kuzitamani. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nikiwa na umri wa miaka 25 nilikuwa natoka Meru kurudi Embu na Probox niliyoazima, limejaa ndizi na watu wanne. Nilikuwa nimecheza magemu ya magari kwa miaka zaidi ya kumi na nilijiona najua breki kuliko mtu yeyote ndani ya gari lile. Kwenye mteremko wa kwenda daraja la Nithi niliendesha kama kwenye leseni ya IA: mwendo, breki kali kabla ya kona, achia, mwendo, breki kali. Kona ya tatu pedali ilishuka chini zaidi ya ilivyozoea. Ya nne ilishuka zaidi. Nikanusa harufu ya kitu kinachoungua. Nilirudisha gia chini kwa kelele ambayo abiria wangu bado wananitania nayo, gari likapunguza, nikalisogeza kando. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Tulikaa pale saa nzima bila kuongea sana.

Gran Turismo 4 haikuwahi kunifundisha kwamba breki huchoka kwa joto, kwa sababu ndani yake hazichoki. Ni kipande cha hesabu ambacho hakikuandikwa. Kwenye uhalisia, gari la kilo 1,200 likishuka mita 100 za wima linabeba nishati ya zaidi ya jouli milioni moja ambayo lazima iende mahali, na kama hutumii gia ndogo na injini kulizuia, yote inakwenda kwenye breki kama joto. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja hilo hilo la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Hawakuwa wa kwanza pale. Kila nikipita napunguza gia kabla mteremko haujaanza, hata kama walio nyuma yangu wanapiga honi, na huwa wanapiga.

Nilimweleza kijana yote haya, na hesabu nikamwandikia kwenye karatasi. Akauliza swali zuri ambalo sikulitarajia: kama gemu limeniacha bila kujua kitu kama hicho, nitajuaje ni nini kingine ambacho halikuandika? Nikamwambia sina orodha. Lakini namna ile ile aliyotumia kwenye The 180, ya kuuliza ninapimwa nini na nani aliyeweka masharti, anaweza kuitumia kwa gemu lenyewe. Linapima nini? Linaacha nini? Haliweki uchovu. Haliweki abiria anayekuambia ongeza mwendo. Haliweki mtoto anayevuka kukimbilia mandazi upande wa pili.

Na shule anayosomea je? Hapa nina manung'uniko kidogo. Mtihani wetu wa udereva unaanzia kwenye ule ubao wa mji wa kuigiza, ambapo unasukuma kigari cha kuchezea kwa mkono na kueleza utaingiaje kwenye mzunguko. Wengi wanaucheka ubao ule. Mimi siucheki, kwa sababu ni jaribio kama lile la Gran Turismo: tatizo moja, kelele zimeondolewa. Shida yangu ni kwamba watu wanaukariri. Kijana wetu alikuwa na majibu yote kichwani kama sala, lakini nilipogeuza karatasi na kumchorea mzunguko ule ule ukitazamwa kutoka upande mwingine, alipotea. Alikuwa amejifunza mahali pa kusimamisha kigari, hakuwa amejifunza nani ana haki ya kupita. Ni kosa lile lile la kukariri njia kwenye City Slicking halafu lori likatokea.

Basi sasa jioni tunafanya hivi: nusu saa ubao, mimi nachora mizunguko isiyo na adabu kwenye karatasi na yeye anasukuma kifuniko cha soda, kisha nusu saa San Andreas. Jumapili nilimchukua tukaenda na gari hadi Runyenjes na kurudi, yeye akiwa abiria, kazi yake ikiwa kunitajia kabla ya kila mteremko ni gia gani niingize na kwa nini. Alikosea mara mbili. Mimi nilikosea mara moja na akanikamata.

City Slicking amepata dhahabu juzi, na kwa muda uliobaki wa kutosha kunywa chai. Mtihani wake ni wiki ijayo. Kimebaki kitu kimoja tu kwenye ile shule ya San Fierro, Alley Oop, ambapo gari linapaa kwenye njia panda na kujizungusha hewani, na amekwama kwenye 92. Ana karatasi kando ya kibodi ameandika namba ya jaribio, mahali alipoanzia, na upande aliotua. Jana usiku saa tano nilimkuta ameiacha pedi chini, anaitazama ile karatasi tu.